Paa Bado

Jumamosi, 22 Februari

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Chanelle wa darasani kwetu anasoma Kifaransa changu bila ruhusa, na mwalimu wa Kirundi anapenda kusomea darasa zima daftari za watu. Shuleni nina lugha mbili, na zote mbili ninazinyamazia. Kiswahili ni cha nyumbani. Hapa hakuna wa kuniambia nirudie kwa sauti.

Leo kwenye klabu ya mazingira alikuja enjeniya anayeitwa Monsieur Fortunat, wa mradi mmoja wa maji ya mvua. Alisema Bujumbura imekuwa zege na mabati, mvua ikianguka haina pa kulala, inakimbia mpaka kwenye nyumba za watu wa chini. Dawa yake ni kuweka udongo na mimea juu ya majengo yenye paa bapa la zege. Paa linakunywa mvua kwanza, kisha linaiachia pole pole. Lakini si kila jengo linafaa, kwa hiyo lazima yapimwe. Mji mzima watachagua majengo sita, na kazi itaanza kiangazi.

Tukagawiwa karatasi za maswali, fishi, kila mtu na mtaa wake. Chanelle amepewa Rohero, kwenye maofisi na mabenki. Mimi Nyakabiga, eti kwa sababu "kule unajulikana". Sijulikani. Ninapita ukutani kama mjusi.

Sikukataa kwa sababu ya Nyanya. Chumba chake kiko nyuma, na maji ya jirani wa upande wa juu yanaingia humo kila mvua kubwa. Mwezi wa kwanza yalipanda mpaka godoro, akakohoa wiki tatu. Mama ameshasema: yakifika kwenye godoro mara nyingine, Nyanya anakwenda kukaa Rumonge kwa Mjomba Mohamadi. Nyumba hii alijengewa Nyanya na marehemu mume wake. Alipoambiwa habari za Rumonge alijibu kwamba yeye si furushi.

Jumapili, 2 Machi

Saumu ya pili. Fishi ya kwanza.

Swali la kwanza: Le bâtiment a-t-il un toit plat? Kuna visanduku viwili, Oui ya ndiyo na Non ya hapana. Ukitia alama kwenye Oui, yanafuata maswali ishirini na matatu, na lazima uombe kupanda juu na utepe wa kupimia. Ukitia kwenye Non, kuna mshale unaokushusha hadi chini ya ukurasa: Fin. Merci. Mwisho, asante.

Nilitafsiri njiani na kurudia kama mtu anayehifadhi sura: Nyumba hii ina paa bapa? Nyumba hii ina paa bapa? Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Bella, anayeuza vitenge. Nyumba yake ni ya zege mpaka juu, na vile vyuma vya kungojea ghorofa vimesimama kwenye pembe kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Aliniangalia kana kwamba nimebeba kitu cha kumuuzia.

"Paa bapa? Apana, mutoto. Paa bado."

Nikasema asante. Kabla asante haijaisha nilikuwa barabarani. Non.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba tano baada ya shule. Paa bado. Paa bado. Mwenyewe hayupo. Paa bado, rudi mwakani. Paa bado.

Jumamosi, 8 Machi

Leo kwa Mzee Massoudi. Ndiye jirani wetu wa juu, mwenye duka la misumari, rangi na mabomba. Juu ya duka lake kuna zege pana, tambarare kama uwanja, na kwenye ukingo wake kuna kipande cha bomba kinachotazama ua wetu. Mvua yote inayoanguka juu ya Mzee Massoudi inatoka kwa tundu lile moja na kuja kwetu.

Nilizunguka duka mara tatu. Nilipoingia kulikuwa na wateja wawili, bahati yangu. Niliuliza swali langu nikitazama kopo la rangi.

Alicheka bila ubaya. Mzee Massoudi hana ubaya, na hilo ndilo linalonichosha. "Mwanne, we unaona paa hapa? Ile si paa. Ile ni chini ya etaji, sakafu ya ghorofa. Etaji ikishaisha, juu yake ndiyo tutatia paa. Andika vile."

Mteja mmoja akasema kama ninatafuta kitu bapa nipime kichwa cha Mzee, hakina hata mwinuko wa kupitisha maji. Wakacheka wote, Mzee mwenyewe zaidi.

Mimi nilikuwa na neno. Neno lilikuwa bomba. Lilifika kwenye meno, likarudi. Nikatia alama kwenye Non, nikamwambia Ramadhani njema, nikatoka. Nyumbani Nyanya aliuliza kama nimemwambia yule mtu habari ya maji yake. Nilisema kulikuwa na watu.

"Watu watakuwako siku zote," alisema, akaendelea kuchambua mchele wa futari.

Jumapili, 9 Machi

Niseme ukweli, maana hapa hakuna mtu. Ninaipenda Non. Ninapokaribia mlango ninaiombea. Mwenye nyumba akisema "paa bado", mwili wangu wote unalegea kama mtu aliyefunguliwa kamba. Oui ingetaka nipande ngazi za watu, nishike utepe upande mmoja na baba wa mtu ashike mwingine, tuongee. Non ni mshale tu, na Merci.

Na sidanganyi. Ninaandika wanachosema.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua, alasiri. Maji chumbani kwa Nyanya mpaka kifundo cha mguu. Alikuwa juu ya kitanda, miguu ameikunja, tasbihi mkononi, akitutazama tunavyochota. Alisema hajawahi kuwa na nyumba ya ziwani, na sasa anayo bila kununua kiwanja. Mama hakucheka. Alipima kwa kidole kutoka majini hadi godoro: vidole vinne.

Jumamosi, 22 Machi

Nimerudisha fishi sitini na nne. Hamsini na nane ni Non, sita wenyewe hawakuwako. Monsieur Fortunat alinipongeza mbele ya wote kwamba nimemaliza wa kwanza. Chanelle bado ana nusu, analalamika kwamba kila jengo la Rohero linamchukua saa nzima, na mlinzi mmoja alimwacha juani huko juu, akafunga mlango, akaenda kula.

Nilipopongezwa nilitazama viatu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mzee Massoudi ametuletea sahani ya pilau. Nyanya aliila yote, akasema angalau leo kutoka kule juu kimeshuka kitu kinacholiwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Monsieur Fortunat alibandika ramani ukutani. Kila jengo linaloweza kupimwa ni nukta ya kijani. Rohero imejaa nukta kama mtu mwenye surua. Nyakabiga ni nyeupe. Nyeupe kabisa, kama karatasi kabla ya mtihani.

Akaeleza, kwa Kifaransa kizuri sana, kwamba mitaa ya watu wengi "kwa bahati mbaya haina paa bapa", na kwa hiyo majengo yote sita yatatoka mjini kati. Akasema takwimu haziongopi.

Nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Kutoka pale, ukiinua shingo, unaiona Nyakabiga. Nikainua shingo. Nikaona mazege. Moja, mbili, kumi, thelathini, yote bapa, yote kwenye jua, mengine yameanikwa nguo na mihogo. Vyuma vya kungojea vimesimama kila mahali kama nyasi.

Niliuliza watu kama wana paa, wakanijibu juu ya paa. Kwao paa ni ile itakayokuja. Hiki kilichopo ni sakafu ya watoto wao. Hakuna hata mmoja aliyenidanganya. Mimi ndiye niliyesimama chini ya zege la mtu, macho ninayo, nikaandika kwamba hakuna zege.

Monsieur Fortunat aliuliza kama kuna swali. Chanelle aliuliza kama tutapewa vyeti. Mimi sikuuliza kitu.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemkasirikia Monsieur Fortunat, ambaye aliandika fishi akiwa ofisini. Nimemkasirikia aliyechora ule mshale. Nimemkasirikia Mzee Massoudi na "andika vile" yake. Nimemkasirikia Chanelle, hana kosa lolote, nimemkasirikia tu. Mimi mwenyewe nimejiacha wa mwisho, na sasa kalamu inaisha wino.

Jumamosi, 12 Aprili

Ilianza saa nane mchana. Mbingu juu ya milima ya upande wa mashariki ilikuwa imekuwa nyeusi tangu adhuhuri, na upepo ulinuka vumbi. Mama alikuwa sokoni. Nilikuwa na Nyanya peke yetu.

Tone la kwanza, la pili, kisha ikawa haina matone tena, ni kitu kimoja. Nilitoka uani nikaliona bomba la Mzee Massoudi linatapika. Maji hayakuanguka kwenye ua wetu, yaliruka ua, yakapiga moja kwa moja ukuta wa chumba cha nyuma. Mfereji niliouchimba kwa jembe wiki iliyopita ulijaa kabla sijasimama vizuri.

Nilimwambia Nyanya tuhamie sebuleni. Alikataa. Alisema kila mara anapotoka maji yanachukua kitu, mara ya kwanza yalichukua picha za arusi. Akabaki kitandani ameshika sanduku lake la nguo kifuani kama mtoto. Mimi nilichota. Ndoo, mlango, ndoo, mlango. Maji yalifika kwenye ubao wa kitanda. Niliacha ndoo nikavuta godoro upande mmoja, na yeye yuko juu yake, na yeye akavuta sanduku, na hatukuwa tunasaidiana hata kidogo. Kisha nikasikia sauti ndogo kama mtu anayemeza. Ni godoro lilikuwa linakunywa.

Na nikiwa nimesimama pale, maji magotini, nikawaza kitu kibaya: udongo juu ya lile zege ungekunywa badala ya godoro hili. Na ni mimi niliyeandika Fin. Merci.

Mama alirudi saa kumi na moja akiwa amelowa. Aliweka kiganja kwenye godoro, akakibonyeza, maji yakatoka kati ya vidole. Halafu akampigia simu Mjomba Mohamadi. Nyanya aende Jumamosi ijayo.

Nyanya alisema, "Nyumba ni yangu."

Mama akajibu, "Ni yako, Mama. Na kifua ni chako."

Jumapili, 13 Aprili

Jua kali, kana kwamba jana hakukutokea kitu. Godoro liko uani. Mzee Massoudi alipita, akatoa pole, akasema mvua za mwaka huu ni balaa. Nilimwitikia ndiyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Monsieur Fortunat, Rohero, na sare ya shule. Njiani nilijipa nafasi sita za kurudi, nilizihesabu: kona sita.

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwa Kifaransa kwenye kiganja. Yalikuwa yamefutika kwa jasho. Nikasema hivyo hivyo, vipande viwili vya Kifaransa, kimoja cha Kirundi: kwamba fishi zangu zote ni za uongo, ila watu hawakusema uongo.

Kwanza alikasirika. Alisema orodha ya majengo sita imeshakwenda kwa wakubwa, je, niliwahi kufikiri kabla ya kutia alama? Kwa nini sikuinua macho? Sikuwa na jibu zuri, kwa hiyo nikamwambia lile baya: niliogopa kupanda. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia sababu hiyo kwenye mradi.

Kisha akaniomba nirudie walivyosema. Neno kwa neno, kwa Kiswahili chao.

"Chini ya etaji," nikasema.

Akainuka kwenye kiti. Alieleza haraka, akichora nyuma ya fishi yangu. Paa la kawaida linajengwa libebe uzito wake, mvua, na fundi mmoja anayeziba tundu. Sakafu inajengwa ibebe vitanda, makabati, na watu wa arusi wanaocheza. Udongo mwepesi, wa matofali yaliyosagwa na maganda ya kahawa, ukishiba maji unafika kilo mia na ishirini kwa kila mita ya mraba. Paa nyingi za Rohero anazihofia. Sakafu iliyojengwa sawasawa haitajua hata kama imebebeshwa kitu.

"Nyakabiga wamejenga sakafu mia," alisema, "na sisi tumeandika kwamba hawana kitu."

Sisi. Alisema sisi. Nilitaka kulia kwa ajili ya hiyo sisi, nikajizuia kwa sababu katibu wake alikuwa anatazama.

Ameomba majengo mawili kati ya sita yaachwe wazi mpaka tarehe kumi Mei. Nirudi kila nyumba. Na safari hii nipande.

Jumamosi, 19 Aprili

Nyanya ameondoka saa tatu asubuhi. Amevaa kitenge kipya, mkononi sanduku, hataki kubebewa. Nilimwambia nimekwenda kwa enjeniya, nimesema. Aliniuliza kama kwa enjeniya kulikuwa na watu. Nikasema alikuwako mmoja. Akaniambia basi nimefika nusu ya njia.

Gari lilipogeuka hakutazama nyumba. Mama aliingia ndani kufua mashuka ambayo alikwisha kuyafua.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimepanda mazege saba kwa siku tatu.

Huko juu kuna mji mwingine. Madishi, njiwa, mihogo, baiskeli bila magurudumu, mfuko wa sima ya kujengea uliogeuka jiwe kabla haujatumika. Mama Bella alishika utepe upande wake na kunionyesha etaji yake yote: hapa salon, hapa chumba cha Bella, hapa dirisha la kuona ziwa. Alitembea kwenye milango ambayo haipo, na hakupita ukutani hata mara moja. Na mimi nikamfuata mlangoni.

Swali gumu si la uzito. Ni lile nililoongeza mwenyewe: etaji itaanza lini? Ni kama kumuuliza kaka wa miaka arobaini ataoa lini. Wanacheka, wanatazama pembeni, wanasema Mungu akijalia. Nimejifunza kuuliza vingine. Ninasema mimea itakuwa ndani ya masanduku, siku fundi akija inashuka. Ni mpangaji tu, si mwenye nyumba. Hapo wanaanza kusikiliza.

Mama Bella amesema Oui. Zege lake, Monsieur Fortunat analisifu.

Jumamosi, 26 Aprili

Kwa Mzee Massoudi bado. Nimepita mbele ya duka mara nne. Najua, najua.

Jumamosi, 3 Mei

Kulikuwa na wateja watatu, na Mzee alikuwa anapima misumari kwenye mzani. Nilieleza habari za mimea, masanduku, mpangaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akatikisa kichwa.

"Apana, binti yangu. Vile vyuma watoto wangu batatu banaviona kila wakija hapa. Nikipanda majani juu yake, watasema baba ameisha zika etaji. Majani yanapandwa juu ya kaburi."

Wateja wakaguna kumuunga mkono. Mmoja aliniambia niwaache wazee na mipango yao. Nilikuwa nimeshageuka, kusema kweli mguu mmoja ulikuwa nje. Kisha nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Mzee, etaji yako haijazaliwa, lakini maji yake imeisha kumuhamisha Nyanya."

Hakuna aliyecheka. Mzani ulikuwa unapanda na kushuka na misumari yake. Mzee Massoudi aliuliza Nyanya amehamia wapi. Hakuwa anajua. Wiki mbili zimepita, ukuta kwa ukuta, na hakuwa anajua; alidhani amekwenda kutembea. Nikamwambia Rumonge. Nikamwambia godoro. Nikamwambia bomba, kwa jina lake, bomba.

Alitoa funguo za ngazi mfukoni akaziweka juu ya meza. "Mulete huyo enjeniya," alisema.

Nilitembea mpaka nyumbani katikati ya barabara.

Jumamosi, 10 Mei

Monsieur Fortunat alipiga zege la Mzee Massoudi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua. Mahali pachache lililia kama jiwe. Mahali pengi lililia kama ngoma, tupu ndani. Akashuka stoo, akasogeza maboksi ya mabomba, akamulika juu kwa simu. Dari lilikuwa na mistari ya rangi ya chai. Pembeni zege limebanduka na vyuma vinaonekana, vyekundu, vimevimba.

Vyuma vya kungojea vimesimama juani na mvuani miaka kumi na minne bila rangi. Maji yanatuama kwenye miguu yake, yanateremka navyo hadi ndani. Kutu inakula kutoka katikati.

Niliuliza kama haiwezekani kuweka udongo kidogo. Kidogo sana. Sentimita nne. Aliniangalia kwa huruma, na sikuipenda. Akanipa fishi, sehemu ya mwisho, maoni ya mpimaji. Nilijua nikiandika Oui angenikatalia. Hata hivyo nilikaa na kalamu muda mrefu kabla ya kuandika Non.

Mwezi wa tatu niliandika Non hamsini na nane na zote zilikuwa tamu. Hii moja ndiyo nimeiona kwa macho yangu, na imeniuma.

Nyakabiga imepata nyumba mbili, ya Mama Bella na nyingine karibu na shule. Wote walinipa mkono. Zege la Mama Bella haliteremshi maji kwetu. La karibu na shule pia halituteremshii.

Na Monsieur Fortunat, mtu mzima, na digrii yake, akasema, "Ni jirani yako, umwambie wewe," akapanda pikipiki.

Jumapili, 11 Mei

Nilikwenda baada ya adhuhuri, duka limefungwa. Alinifungulia mlango wa pembeni. Tulikaa kati ya makopo.

Nilimwambia zege limechoka, haliwezi kubeba udongo.

"Na etaji?" aliuliza.

Alijijibu mwenyewe: kama haiwezi majani, itaweza vitanda? Alikuwa ameshika fundo la waya, akawa anaufungua na kuufunga. Alisema yule mtoto wake wa Lubumbashi alikwisha kujenga huko huko. Wa pili hapendi ngazi. Ya wa tatu hajui, hajawahi kumuuliza.

Nilidhani sasa nitaambiwa niondoke. Badala yake aliinua macho darini.

"Sasa ile kitu iko juu ni nini, kama si chini ya etaji?"

Ni swali la kwanza la fishi. Nimelikosea mara hamsini na nane.

"Ni paa, Mzee."

Nje mtu alibisha dukani, akachoka, akaenda. Kisha Mzee Massoudi alisimama, akaingia kati ya bidhaa zake mwenyewe, nikamsikia anaburuta kitu kirefu. Alirudi na mfereji wa bati, ule wa kufunga pembeni mwa paa. Anauza mifereji hiyo tangu sijazaliwa. Nilipomtazama, alisema kama mtu anayejitetea:

"Nani anatia mufereji kwenye sakafu?"

Jumamosi, 24 Mei

Fundi Hyacinthe amekata vyuma vyote leo. Msumeno ulilia kuanzia asubuhi. Mzee Massoudi alikwenda msikitini adhuhuri na hakurudi mpaka alasiri, kazi ilipoisha. Zile pembe zimepakwa sima, zege limepewa mteremko kidogo kuelekea barabarani, mfereji umefungwa na unashuka kwenye pipa, na pipa likijaa maji yanakwenda kwenye mtaro wa barabara. Tundu lililotazama kwetu limezibwa.

Nilimwambia Mama tumwite Nyanya. Mama amesema Nyanya atarudi siku mvua kubwa itakapopita na chumba kikabaki kikavu. Nikamwambia mvua zimeisha, nyingine ni mwezi wa tisa, wa kumi. Akasema anajua miezi.

Nimelia kwa hasira. Kazi yote hii, na sasa hakuna hata wingu.

Jumamosi, 31 Mei

Jana nilimweleza Mzee Massoudi masharti ya Mama. Alifikiri, akauliza chumba cha Nyanya kina upana gani, kana kwamba hilo lina maana. Leo asubuhi alikuwa kwenye mlango wetu na mabidoni kumi na mawili ya manjano, madumu ya maji.

Tulichota kwenye bomba la mtaa, tukiwa kwenye foleni kama watu wengine, na watu wengine wakiuliza tuna arusi gani. Mzee alijibu tunanyesha. Chanelle alikuja kutazama, akaishia kubeba. Tulipandisha mabidoni kwa ngazi, tukayapanga juu ya paa, na Mama alikwenda kusimama ndani ya chumba cha Nyanya, mikono kiunoni, macho chini.

Nilipiga kelele kwamba tunaanza. Nilipiga kelele mimi, kutoka juu ya paa, mtaa mzima ukisikia. Tukayamimina yote kwa pamoja. Maji yalisimama kidogo, yakafikiri, yakaenda barabarani. Mfereji uliimba, pipa likajaa.

Tukasubiri. Mama alitoka uani, akatazama ukuta, akaupapasa chini, akatazama kiganja chake. Kikavu. Akainua uso kwetu.

"Hiyo ni mvua ya Februari," alisema. "Mi nataka ya Aprili."

Chanelle alikaa chini palepale kwenye maji. Mimi nilifungua mdomo nimjibu Mama, na safari hii nilikuwa na mengi. Lakini Mzee Massoudi alikuwa ameshavua viatu, amepandisha suruali, na anashuka ngazi na bidoni mbili kila mkono, akimuuliza Mama njiani ile ya Aprili ilikuwa bidoni ngapi.

Mama alisema aanze na arobaini. Kisha akaingia ndani kuchukua ndoo yake.

Tulimaliza saa tisa. Chumba kikavu. Gari la Rumonge linamrudisha Nyanya Jumatatu.